Mama wa Dirishani na Basi la Lusu

Kwa miaka mingi nilimjua kuanzia kifuani kwenda juu tu. Dirisha la tiketi pale stendi ya Tabora lilikuwa dogo, lina nondo, na yeye alikuwa nyuma yake muda wote, khanga mabegani juu ya sare ya shirika la mabasi, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kama matuta ya mihogo. Siku moja nilimkuta sokoni anachagua dagaa, nikampita. Ni yeye aliyeniita.

"Mwalimu, leo husafiri?"

Nikageuka, nikatafuta sauti inatoka wapi, kisha nikaangalia chini. Alikuwa mfupi kuliko wanafunzi wangu wa darasa la saba. Kumbe kule dirishani alikuwa anasimama juu ya kreti la soda. Nikamwamkia shikamoo kwa aibu, akaitika marahaba, akaendelea na dagaa wake kana kwamba hakuna lililotokea.

Wote walimwita Mama wa Dirishani. Hata padri alimwita hivyo. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, lakini sikuwahi kulitumia mbele yake, na sioni sababu ya kuanza leo.

Mimi, msichana wakati huo, nilikuwa nafundisha shule ya msingi Lusu, ukishapita Nzega, na kwetu ni Tabora mjini. Kwa hiyo maisha yangu ya ujana yalipita katika basi la shirika la umma lililokuwa linakwenda Lusu mara mbili kwa wiki, kama ni zima. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walitolewa kwenye mashamba yao wakati wa operesheni vijiji, wakapangwa kando ya barabara, na katika vitu walivyoahidiwa vilikuwamo shule, zahanati, bomba la maji na basi. Shule ilikuja, na mimi nikaja nayo. Zahanati ilikuja. Basi nalo lilikuja. Habari ya bomba naiacha.

Nauli zilikuwa zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, kando ya dirisha lake, kila kituo na nauli yake kama serikali ilivyopanga. Ukimuuliza ni kiasi gani, alinyoosha kidole bila kuinua macho.

"Iko ukutani."

Mtu asiyejua kusoma hakumfanyia hivyo. Alimsalimia kwanza kwa Kinyamwezi, "Wangaluka, mayo," yaani umeamkaje, mama, kisha akamtajia nauli kwa lugha hiyohiyo, taratibu, mara mbili, mpaka amwone ameridhika. Lakini ukimwomba akupunguzie, au ukimwongezea kitu ili akupe kiti ambacho hakipo, ilikuwa ni jibu moja tu: "Kauombe ukuta." Nilimwona mara moja akiusukuma mkono wa mtu kwa nguvu, ukarudi kupitia nondo pamoja na noti zake.

Watu wa Tabora walikuwa na kisa chake walichokipenda kuliko vyote, nami nilikuwapo. Mkubwa mmoja wa wilaya alikuja stendi, gari lake limeharibika, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Nataka kiti cha mbele, Nzega."

"Mwisho wa mstari ni pale kwa yule mzee mwenye kuku," akasema.

"Mama, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, ndugu. Ndiyo maana nimekuonyesha mwisho wa mstari. Wengine huwa wanautafuta wenyewe."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee mwenye kuku alisogea kidogo kumpa nafasi. Mkubwa akasimama nyuma yake, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua mradi. Viti vikaisha kabla hajafika. Tulidhani mwanamke yule atahamishwa. Hakuhamishwa, na sijui kama yule mkubwa alikuwa muungwana au alisahau.

Sisemi kwamba alikuwa mtu wa sheria tu. Viti viwili vya nyuma ya dereva alikuwa haviuzi mpaka dakika ya mwisho. Vilikuwa vya wagonjwa na wajawazito. Hakuna mkubwa yeyote aliyempa ruhusa hiyo, na hakuwa anadai cheti cha daktari. Alimtazama mtu usoni, basi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepanda kwa muda mrefu na mguu uliofungwa bendeji. Siku moja Mama wa Dirishani akamwona kwenye arusi mtaa wa Ng'ambo anacheza ngoma mpaka vumbi linapaa. Safari iliyofuata akaja anachechemea. Akampa kiti kama kawaida.

"Kaa dirishani, uunyooshe," akamwambia. "Juzi uliutumia sana."

Bwana yule hakurudi tena kuomba kiti kile.

Tena alikuwa na upande ambao ulinichanganya. Zile zilikuwa siku ambazo sukari haionekani. Duka la ushirika lilikuwa na bei nzuri na rafu tupu. Nilimkuta jioni moja anatoka mlango wa nyuma wa duka la mtu, kafunga kitu kwenye upindo wa khanga.

"Mama, hata wewe?"

"Mimi nakunywa chai, mwalimu."

"Lakini si kuna bei ya serikali?"

"Bei ya serikali ninayo," akasema. "Sukari ya serikali ndiyo sina."

Akaenda zake. Kesho yake asubuhi alikuwa juu ya kreti lake, anawaambia watu kauombeni ukuta. Nilijaribu siku moja kumwonyesha kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Aliniangalia kwa subira, kama tunavyomwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini ng'ombe hana meno ya juu.

Kazi aliyoichukia ni kusema hakuna nafasi. Na aliisema karibu kila siku, maana basi lilikuwa moja na wasafiri walikuwa wengi, na mara nyingine basi lenyewe halikuja kwa sababu vipuri vimekosekana. Watu walikuwa wanashinda pale na mizigo yao ya karanga na michembe ya viazi vikavu, wengine wana wagonjwa. Alifunga kile kibao cha dirisha polepole, asikibamize, halafu alibaki humo ndani mpaka wote watawanyike. Nilidhani anahesabu mauzo. Baadaye aliniambia alikuwa anakaa tu. Alikuwa hawezi kutoka na kupita katikati yao.

Mtu aliyekuwa akimtembelea pale dirishani kuliko wote ni Bwana Seif. Huyu alikuwa mfanyabiashara, wa ukoo wa Waarabu wa Oman walioingia Tabora zamani za misafara na hawakutoka tena. Alikuwa na basi lake mwenyewe, lakini lilikaa uani kwake juu ya mawe, halina magurudumu, na kuku wanataga ndani. Kila alipokuja stendi walibishana, na mabishano yao yalikuwa ni yaleyale.

"Kwa nauli yako hiyo ya ukutani, mama, nikienda Nzega na kurudi nimekula tairi."

"Basi usiende."

"Ndiyo nimekaa."

"Na watu waende na nini?"

"Na wewe una nini cha kuwapa? Una ukuta."

Hapo alikuwa anamfungia kibao. Bwana Seif aliondoka anacheka, na siku mbili tatu hazipiti atakuwa karudi, kwa sababu nadhani hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa anambishia hivyo bila kutaka kitu kwake.

Halafu ikaja miaka ile ya themanini ambapo serikali ilianza kuziachia bei. Bidhaa nyingine zilitangulia, nauli zikafuata. Tulisikia redioni, hatukuelewa vizuri maana yake. Pale stendi ilikuwa ni kazi ya asubuhi moja. Alikuja fundi na ndoo ya chokaa na brashi, akaanza kupaka ukuta kuanzia juu. Mama wa Dirishani akatoa kichwa karibu na nondo.

"Na nauli mpya utaandika lini?"

"Sikuambiwa kuandika, mama. Nimeambiwa kufuta."

Ni lazima niseme kilichofuata kama kilivyokuwa, maana siku hizi watu wanakisimulia kwa upande mmoja. Bwana Seif alifukuza kuku. Basi likavishwa matairi, likapakwa rangi ya kijani, likaingia stendi linapiga honi. Wengine wakafuata. Haukupita muda mrefu stendi ile iliyokuwa na basi moja ikawa na mabasi yamepangana, na vijana wanakuvuta mkono upande la kwao. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilifika Tabora stendi, nikapanda, nikaondoka. Hakuna kushinda juu ya mizigo, hakuna kurudi nyumbani na begi. Sukari nayo ikaonekana. Nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi.

Nauli sasa ikawa na asubuhi yake na jioni yake. Shule zikifungwa inapanda, mvua ikinyesha inapanda, dizeli ikiadimika inapanda, na wakikosekana abiria inashuka mpaka unapanda huku unaona huruma. Basi la shirika halikuweza kushindana na hayo. Siku lilipoharibika mara ya mwisho halikutengenezwa. Wafanyakazi wakapunguzwa, dirisha likapigiliwa misumari.

Bwana Seif hakumcheka. Alimfuata nyumbani.

"Njoo ufanye kazi kwangu," akamwambia. "Wewe unawajua wasafiri wote wa njia hii. Wanakuamini."

"Kwani wewe hawakuamini?"

"Mimi wananipanda tu."

Alikataa. Baada ya miezi kadhaa akakubali, kwa sababu mtu hawezi kula heshima, na watoto wa marehemu dada yake walikuwa wanasoma. Wakamwekea meza chini ya mwavuli karibu na mlango wa basi. Ndipo stendi nzima ikajua kimo chake.

Mwanzoni alikuwa hawezi kabisa. Nilimwona siku moja mkulima mmoja amesimama mbele yake, kamtajia nauli, mkulima akasema, "Nipunguzie kidogo, mama." Mama wa Dirishani akageuka kuangalia nyuma yake, kama anautafuta ukuta. Nyuma yake kulikuwa na muuza machungwa. Akakaa hivyo, mdomo wazi, mpaka kondakta akaja kumalizana na yule mkulima. Lakini alijifunza. Alianza kuwatazama watu miguuni. Mwenye viatu vizuri alitajiwa nauli ya juu, mwenye kandambili zilizofungwa waya alitajiwa ya chini. Bwana Seif alipogundua akaja juu.

"Mama, hili ni basi, siyo kanisa."

"Basi limejaa au halikujaa?"

"Limejaa."

"Hela imefika au haikufika?"

Bwana Seif akarudi garini kwake. Abiria wenye viatu vizuri walianza kumwogopa, na mmoja niliyemfahamu alikuwa anakuja stendi na ndala, viatu vimo begini.

Lakini huko Lusu hakukuwa na wa kubishana naye. Hakuna basi lililokuja. Mabasi yalikwenda kwenye abiria wengi, na abiria wengi walikuwa Nzega, Kahama, Mwanza. Sisi tulikuwa mwisho wa njia mbovu yenye watu wenye karanga na hela kidogo. Tukarudi kwenye baiskeli. Wagonjwa tuliwafunga kwenye keria, au tuliwabeba kwa machela. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alijifungulia njiani, chini ya mwembe wa mtu asiyemjua, na mtoto hakuishi. Nilimweleza Mama wa Dirishani habari hiyo nilipopita mezani pake mwisho wa mwezi. Alikata tiketi yangu, akamwita anayefuata.

Wiki iliyofuata alikuja Lusu. Alipanda basi mpaka Nzega, na kutoka Nzega alikuja amekaa kwenye keria ya baiskeli, miguu haifiki popote. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji awaite watu. Akawaambia kwamba amezungumza na Bwana Seif. Basi litakuja mara moja kwa wiki, siku ya kuamkia soko la mjini, kama watalijaza. Akataja nauli. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani lakini siyo ya kumtisha mtu.

Mzee mmoja akauliza, "Na nauli hiyo itakaa?"

"Nimesema mimi," akajibu.

Ilitosha. Watu wale hawakuwa wanamjua Bwana Seif, wala hawakuwa wanasikiliza mambo ya redioni, lakini yeye walikuwa wanamjua. Basi lilikuja, wakalijaza. Likaja tena. Kwa miezi michache Lusu ilikuwa na siku yake ya basi, na siku hiyo kengele ya shule nilikuwa naipiga mapema kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa ananisikiliza.

Kisha dizeli ikapanda, ikapanda tena. Siku moja basi likafika, na badala ya kondakta akashuka Mama wa Dirishani. Bwana Seif alitaka kondakta aseme. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kuja kusema mwenyewe. Watu walikuwa tayari wamepandisha mizigo, wengine wamekaa. Akasimama mlangoni, kwenye ngazi, akataja nauli mpya.

Kisha ajuza mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na gunia la michembe miguuni akasema, bila hasira:

"Si wewe uliyekuwa unatuambia iko ukutani?"

"Ni mimi, mayo."

"Ukuta umeenda wapi?"

Yule ajuza akainuka, akaomba asaidiwe gunia. Mwingine akainuka nyuma yake. Hawakugombana, hawakutukana. Walishuka mmoja mmoja wakimpita pale kwenye ngazi, na kila aliyepita ilibidi ambane kidogo, maana alikataa kusogea. Dereva akapiga honi. Karibu nusu walibaki ndani. Mama wa Dirishani naye akashuka, akampungia dereva mkono aende.

Alilala kwangu. Nilipika ugali wa mtama na mlenda, akala vizuri tu. Nilitegemea alie au alaumu. Alinawa mikono, akajipangusa na ncha ya khanga.

"Zamani nilikuwa nawaambia hakuna nafasi," akasema. "Leo nimewaambia hamna hela. Afadhali lile la zamani. Lilikuwa halimwaibishi mtu mbele ya wenzake."

"Lakini zamani hawakufika vilevile," nikamwambia.

"Hawakufika."

"Na basi lilikuwa halipo."

"Halikuwapo," akakubali. "Sijasema lilikuwepo, mwalimu. Nimesema walikuwa wanarudi nyumbani pamoja."

Basi la Lusu halikujaa tena, na lisipojaa halirudi. Nilikutana na Bwana Seif Nzega, naye akaanza kujitetea kabla sijamuuliza. "Ningefanya nini, mwalimu? Dizeli hainijui mimi wala haimjui yeye." Alisema alimwita arudi mezani, na alirudi, lakini si kwa muda mrefu. Msimu wa kulima ulipoanza akamwachia meza yake mtu mwingine, akahamia kijiji cha Ntalikwa kwenye shamba la marehemu dada yake. Bwana Seif aliongeza kwamba tangu aondoke amepata hela zaidi na amani kidogo.

Nilimwona mara ya mwisho baada ya miaka mingi, nikiwa nimeshastaafu. Nilikwenda Ntalikwa kwenye msiba wa watu wengine, nikaulizia kwake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anabangua karanga, macho yamepungua nguvu, mikono haijapungua. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama kwa muda.

"Sauti ni ya mwalimu," akasema. "Sura umeibadilisha."

Tukazungumza ya watoto, ya mvua, ya mhogo uliooza ardhini. Akaniuliza, "Lusu siku hizi wanatokaje?"

"Baiskeli, mama. Na pikipiki mojamoja, mwenye nazo."

Akaendelea kubangua. Baadaye akauliza nimelipa kiasi gani kuja pale kutoka mjini. Nikamtajia.

"Uliomba upunguziwe?"

"Sikuomba."

"Wamekuonea," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Saa ya kuondoka akanisindikiza barabarani, japo nilimkataza. Likaja basi dogo, limejaa nusu. Nikaingia. Kondakta akataja nauli. Kabla sijafungua mkoba, Mama wa Dirishani alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Hiyo ni nauli ya wapi, baba? Ya Kigoma?"

"Ndiyo nauli yetu, bibi. Dizeli imepanda."

"Imepanda tangu alipokuja huyu asubuhi?"

"Bibi, achia mlango, tunachelewa."

"Shuka, mwalimu," akaniambia.

"Mama, acha tu, nitalipa."

"Shuka. Jingine linakuja."

Nikashuka, mwanamke mzima mwenye mvi. Kondakta akatutazama, akapiga bodi, wakaondoka. Tulibaki wawili kando ya barabara, jua limeanza kulegea, hakuna gari upande huu wala ule. Yeye alitazama upande wa kusini bila wasiwasi wowote. Tulisimama sana. Nilianza kujuta. Mwishowe vumbi likaonekana mbali, likakua, likawa basi jingine, bovu kuliko la kwanza. Akaingia katikati ya barabara na kunyoosha mkono. Walibishana na kondakta, akamtajia nauli aliyoitaka yeye, kijana akapinga, akaapa, mwisho akasema, "Haya, panda, mama, bibi yako atatuua."

Nilipokuwa nimekaa nikamuuliza kupitia dirishani, "Na kama lisingekuja?"

"Ungelala kwangu," akasema. "Karanga zipo."

Akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, kumwambia dereva aende.